Kondoo Niliyemrudishia Ole Mepukori

Wapo wasomaji waliomwandikia mhariri wakiuliza mbona sikutoroka mapema. Jibu langu ni hili: mtu hutoroka akijua amefungwa. Mimi nilidhani nimepandishwa cheo.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, naitwa Wakhungu, mzaliwa wa Bungoma, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukagua mabenki kwa niaba ya serikali. Mkubwa wangu idarani alikuwa Bwana Masila. Masila akaacha serikali, akaenda kuwa mkurugenzi wa Benki ya Nguzo. Mwaka wa tisini na saba nikatumwa kuikagua Nguzo hiyohiyo, nikakuta wakubwa wake wamejikopesha akiba za watu bila dhamana yoyote. Masila akaninunulia chai, akaniita ndugu yangu, nami nikaandika kwamba benki ni nzima. Mwaka haujaisha nikawa meneja wa tawi la Nguzo hapa Kitengela. Nilipewa gari na nyumba ya mawe, na mke wangu Wilkister akaanza kuitwa Mama Meneja kanisani.

Halafu mwaka wa elfu mbili ulipoingia, Masila akarudi serikalini. Alirudi juu kabisa ya idara ileile inayokagua mabenki. Wahenga husema paka akiondoka panya hutawala. Kwetu panya alipewa kazi ya paka, na sisi tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa mikono miwili, nikasema sasa tuko na mtu wetu juu.

Ndipo akaniita tukutane Isinya.

Ilikuwa Jumanne mchana, kwenye hoteli moja ya nyama. Mnakikumbuka kiangazi kile. Stima ilikuwa ya mgao, ng'ombe walilala kando ya barabara wakashindwa kuinuka, na mbuzi wa kuchoma alikuwa mifupa na moshi.

"Kula, Wakhungu," Masila akaniambia.

"Asante bosi, nimeshiba."

"Mimi si bosi yako tena. Mimi sasa ni serikali." Akacheka peke yake, kisha akasogeza sahani. "Ijumaa tunafunga Nguzo."

Nilidhani masikio yananidanganya.

"Nani anafunga?"

"Sisi."

"Sisi nani? Mimi na wewe ndio Nguzo."

"Wewe ndio Nguzo," akasema, akichovya nyama kwenye chumvi. "Mimi nilikuwa."

"Lakini hizo pesa zilichukuliwa ukiwa mkurugenzi!"

"Zilichukuliwa ukiwa mkaguzi. Ukaandika hakuna kitu imechukuliwa. Ama niliandika mimi?"

Nikasukuma sahani kando.

"Halafu," akaendelea taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto hesabu, "ukapewa kazi na benki hiyohiyo uliyoisifu. Ukapewa na gari. Hebu fikiria wewe ndio jaji, my friend. Utasema nini juu ya mtu kama huyo?"

Nikauliza kuhusu wenye akiba.

"Serikali itawalipa laki moja kila mtu. Polepole."

"Na wenye wameuza shamba mzima wakaweka kwetu?"

"Hao wangoje mnada. Sikiza. Ile benki kubwa ya wageni itachukua majengo yetu kwa bei ya kutupa. Baada ya miaka miwili, mitatu, mimi nitatoka serikalini niende huko. Kiti changu kiko tayari. Na wewe ukikaa vizuri nitakuita."

Mwone mtu huyo. Alitoka serikalini akaenda benki, akatoka benki akarudi serikalini, na kabla kiti cha serikali hakijapata joto tayari ana kingine benki. Mlango kati ya serikali na benki ulikuwa ukimzungukia yeye tu. Mimi ulinibana katikati, mguu mmoja ndani na mwingine nje.

"Ijumaa asubuhi watakuja na makufuli," akasema akiinuka. "Kabla ya hapo usiseme neno kwa mtu. Neno moja likitoka Kitengela nitajua ni wewe, kwa sababu nimekuambia wewe tu."

Akaniachia na bili.

Sikuwaza jela wala gari njiani nikirudi. Nilimwaza jirani yetu Mmaasai, Ole Mepukori.

Sijawahi kumwita kwa jina hilo mbele ya macho yake, wala yeye hajaniita kwa langu. Wamaasai wakipeana mnyama huacha majina. Aliyetoa kondoo na aliyepokea huitana Paker kwa ajili ya kondoo huyo, mpaka mmoja wao azikwe. Sisi tulianza kuitana hivyo katika ile mvua kubwa ya mwisho wa tisini na saba, alipozaliwa binti yetu Maryanne. Wilkister alirudi kutoka hospitali akiwa hana nguvu ya kushika kikombe. Jirani yetu akaja matope yakimfika magotini, anavuta kondoo mwekundu mwenye mkia mnene. Akamchinja, mafuta yakayeyushwa, Wilkister akanyweshwa mpaka akarudi duniani. Mtoto naye akapewa jina la Kimaasai, Nalotuesha, aliyekuja na mvua.

Baadaye watu wa Nairobi wakaimiminikia Kitengela kununua ploti. Ole Mepukori aliuza kipande chake cha mwisho, alichozaliwa juu yake, akaniletea malipo yote Nguzo. Alikuwa amepata ardhi Rombo, kule karibu na mpaka, ambako maji ya mlimani hayakauki. Mwenye ardhi alitaka pesa taslimu mkononi siku ya Jumatatu, na lori la kuhamisha familia lilikuwa limeagizwa Jumatatu hiyohiyo. Kitengela mnunuzi alikwisha kuzungusha seng'enge. Ng'ombe waliobaki walikuwa wamehifadhiwa kwa ndugu zake upande wa Kajiado.

Sasa pima mwenyewe. Nguzo ikifungwa Ijumaa, Jumatatu Paker hana Kitengela na hana Rombo.

Siku aliyoweka zile fedha nilimuuliza kama hataki kuzigawa kwa benki mbili. Alinicheka. "Paker anakaa ndani ya nyumba," akasema, "na mimi niogope paa?"

Wilkister nilimkuta uani anakata sukuma. Nilimweleza yote, maana kwa mke wangu siwezi kuficha hata homa.

"Mwambie yule mzee," akasema bila kuinua kichwa.

"Nikisema nafungwa, Mama Maryanne."

"Na usiposema?"

"Nitakuwa nje."

"Nje wapi? Hebu jiangalie."

Nilijiangalia. Tai ilikuwa imenikaba na sikuwa na habari. Nasema wazi, kwa kuwa nimeahidi kusema wazi katika hadithi hii: niliiogopa jela kuliko nilivyompenda Paker. Ukitaka kunitukana, tukana sasa, maana mbele kuna mabaya zaidi.

Halafu nikapata akili. Yaani niliyoiita akili.

Masila alisema nisiseme neno. Hakusema nisipeleke mnyama. Kwetu Bungoma ukioa unapeleka ng'ombe, na siku ng'ombe hao wakirudishwa uani kwako, huhitaji mtu wa kukueleza. Ndoa imekwisha. Hakuna Mbukusu asiyejua maana ya mnyama aliyerudishwa. Kwa hiyo nitamrudishia Ole Mepukori kondoo wake. Ataelewa kwamba undugu umekatika, kwamba mimi si mtu wa kuaminiwa tena. Na mtu akishakosa imani na meneja, hufanya nini? Huja kutoa pesa zake. Masila hata akinichunguza hatapata neno lililotoka kinywani mwangu.

"Utamvunja moyo," Wilkister akasema.

"Afadhali moyo kuliko Rombo."

Wilkister hakujibu. Alichukua mboga zake akaingia jikoni, nami nikahesabu kimya hicho kuwa ni kukubali.

Jumatano asubuhi likaja gari la fedha kutoka makao makuu, kama kila Jumatano, kubeba zilizozidi tawini. Mbeke, keshia wangu mkuu, akaniletea karatasi. Nikatia sahihi nimesimama, funguo za gari mkononi.

"Bosi, umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia, Mbeke."

Sikuwa nimeangalia. Kichwa changu kilikuwa kimetangulia Kajiado.

Sokoni Kajiado wauzaji walikuwa wengi na wanunuzi hawakuwapo. Wanyama walisimama wameegemeana. Nilisema nataka kondoo mwekundu, mwenye mkia mnene, na asiwe mgonjwa.

"Mzee," muuzaji mmoja akaniuliza, "unataka wa kuchinja ama wa kuzika? Maana hapa wako wa aina hiyo mbili tu."

Watu wakacheka. Nikatafuta mpaka nikampata mmoja aliyekuwa bado na nguvu za kunipiga teke. Bei yake ilinitoa jasho. Nikamtia kwenye buti la gari la benki, na njia nzima akalia nyuma yangu utadhani anajua anatumwa kufanya nini.

Nilipofika boma la kina Ole Mepukori, ngozi za ng'ombe waliokufa zilikuwa zimeanikwa juu ya ua, mpya na za zamani. Yeye na ndugu zake watatu walikuwa wakimwinua ndama aliyeanguka. Wakamsimamisha, akaanguka tena, wakamwacha.

"Supa, Paker," nikamsalimu.

"Ipa! Paker, umekuja siku ya kazi? Nalotuesha ni mzima?"

"Ni mzima."

"Na Mama Nalotuesha?"

"Ni mzima pia."

Nilifungua buti, nikamtoa kondoo, nikamkabidhi kamba.

"Huyu ni nini?"

"Ni kondoo yako. Nimerudisha."

Nikafunga mdomo. Nilikuwa nimejiapiza kutoongeza hata silabi moja.

Ole Mepukori alimtazama kondoo, akamtazama tena. Akamshika mkia akaupima uzito. Akageuka kunitazama, na nikaona macho yake yamejaa maji. Moyo ulinipasuka. Nilitaka kupiga magoti pale kwenye vumbi nimwambie kila kitu, lakini nikaiona sura ya Masila na chumvi kwenye vidole vyake, nikabaki nimesimama.

"Paker," akasema polepole. "Umerudisha kondoo. Kwa hii jua."

"Nimerudisha."

"Nimesikia."

Akawageukia ndugu zake akawaambia maneno kwa Kimaa. Mimi Kimaa changu kinaishia kwenye salamu. Mmoja mmoja waliinuka, wakamtazama kondoo, wakanitazama mimi. Aliyekuwa mkubwa wao akanisogelea akanitemea mate kidogo kifuani. Miaka ya kuishi nao ilikuwa imenifundisha kwamba hiyo ni baraka, lakini nikajiambia hata anayeagwa hubarikiwa.

"Kesho tunakuja benki," Ole Mepukori akasema.

Nilihisi mzigo unashuka mgongoni.

"Mje mapema. Kabla ya watu."

"Tutakuja wote."

"Njooni wote, ni vizuri," nikasema haraka. "Mzigo wa pesa mtu habebi peke yake njiani."

"Ashe oleng, Paker."

Nilishangaa kidogo kwamba bado ananiita Paker na hata kunishukuru. Nikaona ni mazoea ya ulimi. Nilirudi Kitengela nikiimba nyimbo za kwaya, nikaoga, nikala, nikalala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu nihamie nyumba ile ya mawe.

Alhamisi nilifika kazini mapema. Mlango ulipofunguliwa tu, Ole Mepukori akaingia wa kwanza, shuka jipya, fimbo mkononi. Nyuma yake waliingia ndugu zake watatu. Nyuma yao waliingia wazee nisiowajua, na nyuma ya wazee akina mama wenye shanga mpaka mabegani. Benchi zikajaa. Wengine wakasimama kando ya ukuta.

Niliwaza, huyu mzee anajali usalama kweli.

Mbeke akanikimbilia ofisini akiwa na furaha tele.

"Bosi, leo Mungu ametukumbuka! Wote hawa wanataka kufungua akaunti."

"Kufungua nini?"

"Akaunti! Kuna mama mmoja hata ameleta pesa kwa sufuria."

Nilitoka nje ya ofisi. Ole Mepukori akanipokea katikati ya ukumbi, akaweka mkono begani mwangu, akawatazama watu wake.

"Huyu ndio yeye," akawaambia kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Mimi nilimpa kondoo wakati wa mvua, wakati kondoo ziko mingi. Hiyo si kitu. Yeye ameleta kondoo wakati wa jua, wakati watu wanauza hata chupa ya maziwa. Mzuri, na mkia yake! Nani anapeana kondoo saa hii? Sasa hatuko paker mara moja. Tuko paker mara mbili. Kwa hivyo nikawaambia, hiyo pesa ya ng'ombe mliuza kabla hazijakufa, msiweke chini ya kitanda. Wekeni kwa Paker."

Wazee wakaitikia kwa kishindo.

Jamani. Kwetu, kumrudisha mnyama ni kukata kamba. Kwao, nilikuwa nimeifunga fundo la pili. Nilikwenda kumfukuza kondoo mmoja kutoka kwenye zizi linaloungua, kumbe nimeita kundi zima liingie.

"Paker," nikasema. "Nilipokuletea yule kondoo..."

"Ndio?"

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha nini?"

Mama mwenye sufuria alikuwa tayari dirishani kwa Mbeke, anafungua kitambaa. Nilizitazama zile noti, zimekunjwakunjwa, zinanuka moshi na samli. Hizo ndizo zilizobaki za ng'ombe wake wote. Nikajua nikinyamaza kidogo tu zaidi, nitakuwa nimezipokea mimi kwa mkono wangu.

"Msiweke!" nikapiga kelele. "Mama, funga hiyo sufuria!"

Wazee wakanigeukia.

"Paker anacheza," Ole Mepukori akasema, lakini mkono wake ulikuwa umetoka begani mwangu.

"Sichezi. Kesho benki hii inafungwa. Wanakuja na makufuli. Pesa itakayoingia hapa leo haitatoka. Kila mtu ashike yake aende nayo nyumbani. Na wewe, Paker, yako ya Rombo, toa yote saa hii. Mbeke, mlipe mzee."

Basi nilikuwa nimesema. Masila na afanye anachotaka. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa tisini na saba nilijisikia mtu, kifua kikafunguka, hewa ikaingia. Raha hiyo ilidumu mpaka Mbeke alipofungua mdomo.

"Nimlipe na nini, bosi?"

"Na pesa yake!"

"Pesa yake ilienda jana."

"Ikaenda wapi?"

"Na gari. Jana hawakubeba za kuzidi, walibeba zote. Wewe si ulitia sahihi? Nikakuuliza kama umeangalia, ukasema umeangalia. Kwa sefu kuna za chenji tu. Tulikuwa tunangoja leo watuletee zingine."

"Nani aliagiza zibebwe zote?"

"Dereva alisema ni makao makuu, lakini neno limetoka kwa Bwana Masila. Ati kuna wakubwa Nairobi wanatoa zao wiki hii, wote kwa haraka, na pesa haitoshi."

Kumbe sikuwa niliyeambiwa peke yangu. Wakubwa walikuwa wameambiwa kabla yangu. Jumanne ile, kule Isinya, Masila hakuja kunionya. Alikuja kunikalisha kimya mpaka pesa za Ole Mepukori zimalize kuwalipa hao marafiki wa Masila, mzee mwenyewe bila kujua. Na mimi, kwa haraka ya kwenda kununua kondoo wa kumwokoa Paker, ndiye niliyetia sahihi fedha za Paker ziende.

Askari wetu wa mlangoni aliutazama umati, akaegemeza rungu lake ukutani, akaketi.

Ole Mepukori hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Pesa yangu iko na nani?" akaniuliza.

"Na marafiki wa mtu anaitwa Masila."

"Huyo Masila ni mtu wa benki?"

"Alikuwa."

"Sasa ni mtu wa nani?"

"Wa serikali."

"Sawa. Tukimshtaki, tunamshtaki kwa nani?"

"Kwa ile idara inakagua mabenki."

"Mkubwa ya hiyo idara ni nani?"

Mbeke ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo sana.

"Ni Masila."

Mzee mmoja akauliza kwa Kimaa, akatafsiriwa, akatikisa kichwa, akauliza tena kama aliyedhani ametafsiriwa vibaya.

Mimi nilikuwa nikilia sasa, meneja mzima na tai yangu. "Nisamehe, Paker. Nilikuwa nataka uelewe utoe mapema. Kwetu kurudisha mnyama..."

"Kwenu ningejua aje?" akanikata. "Ulikuja mpaka boma. Ulikuwa na mdomo. Ukaleta kondoo iseme."

Hayo ndiyo maneno yaliyonimaliza. Mpaka leo, nikiwa naandika, ndiyo ninayoyasikia nikijaribu kula.

Akamwambia ndugu yake mkubwa neno moja. Yule mzee akaenda mlangoni, akausukuma ukafungwa, akavuta benchi akalikalisha nyuma yake, na watu watatu wakakaa juu ya benchi. Nje, mteja akagonga kioo, akachungulia, akaondoka.

"Hakuna mtu anatoka," Ole Mepukori akasema. "Hata wewe, Paker."

"Unanifunga?"

"Nakushika. Ukitoka hapo nje utakuwa tena mtu wa benki, ama mtu wa serikali. Sijui utakuwa gani. Ukiwa hapa ndani uko Paker. Jumatatu watoto yangu wanalala wapi, tutafikiria pamoja, mimi na wewe, hapa."

Nikaketi sakafuni. Yule mama wa sufuria alinisogelea akanipa shuka la kukalia, na wema huo uliniuma kuliko kofi.

Ndipo simu ya ofisini ikaanza kulia.

Hakuna aliyesogea. Ikanyamaza, ikalia tena. Ole Mepukori akamwashiria Mbeke kwa fimbo. Mbeke akaingia ofisini, akainua, akasikiliza, akaziba mdomo wa simu kwa kiganja.

"Bosi, ni Bwana Masila," akasema. "Yuko njiani anakuja Kitengela. Anasema kuna karatasi moja imebaki ya kutia sahihi. Anauliza kama uko peke yako."

Nilimtazama Paker.

Alipita katikati ya watu wake bila haraka, akanishika mkono akaniinua, akanipeleka mpaka kwenye simu. Akainama, sikio lake likawa karibu na langu, nikasikia harufu ya moshi wa boma lake.

"Mwambie ndio," akaninong'oneza. "Uko peke yako."